Matanga Niliyoyakaa Peke Yangu

Sifa ni za Bwana, ndugu zangu! Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi si msemaji, mwanijua. Msemaji alikuwa kaka yangu Charo, aliyewaongoza vijana wa kanisa hili la Changamwe, nami nikimsaidia upande wa wasichana. Akaenda na jeshi la Waingereza kupigana na Wajapani huko Bama. Barua ya serikali ilipokuja kusema amekufa, wazee wa kwetu walikataa kuweka matanga. Hatujaona maiti wala kaburi, walisema, tutamlilia nani? Watu wakarudi makwao.

Nikakaa matanga peke yangu. Niliacha kitanda nikatandika mkeka sakafuni. Na kwa kuwa hakuna aliyeyaweka matanga yale, hapakuwa na wa kuyaondoa. Siku saba zikawa miaka miwili. Niliona kwamba nikiinuka pale, nitakuwa mimi ndiye niliyemzika. Vijana walinifuata niwaongoze, nikawadanganya kwamba nina homa. Humu kanisani nilikuwa nikifungua kinywa wakati wa sala, lakini siombi. Ndugu zangu, nilikuwa na hasira na Mungu!

Mwezi uliopita tukapata habari kwamba viongozi wa vijana wa Likoni, Kisauni na Rabai watakutana hapa kwetu. Mchungaji akaniomba niwapokee mahali pa Charo. Nikakataa.

Asubuhi moja shangazi yangu akaja kutoka Rabai, akanikuta chini.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Kadzo, mkeka huu hata kunguni wameuhama! Matanga haya wamkalia Charo, au wamkomoa Mungu?”

“Wazee hawakuyaondoa, shangazi.”

“Basi leo mzee ni mimi. Inuka nifagie.”

Akafagia nyumba nzima, akafua kanga zangu, akaninyoa nywele, kama ifanywavyo siku ya kuondoa matanga. Kisha akaniambia niseme neno ambalo sikuwa nimelisema hata mara moja. Nikasema: Charo amekufa. Nililia, jamani! Nikamwambia Mungu hasira yangu yote, sikumficha hata kidogo. Sikuona nuru wala kusikia sauti. Nilishikwa na njaa tu, nikamaliza sima yote ya shangazi. Ndipo nikajua Bwana amenifungua.

Namshukuru Yeye, na shangazi, nanyi mlioniombea nikiwa sitaki. Nawe uliye na mtu wako asiyerudi, usimwogope Mungu kwa hasira yako. Mpelekee hiyo hiyo. Mimi hakunifukuza!

Wageni wetu wataingia Jumamosi, nami naingojea siku hiyo kwa hofu na furaha. Wengi wao walimjua kaka yangu kuliko wanavyonijua mimi, na kwa kuwa matanga hayakutangazwa, najua wataniuliza mlangoni, Charo yuko wapi? Njooni msimame nami. Nitawajibu kwa kinywa changu kwamba amekufa, yuko mikononi mwa Bwana. Kisha nitawaonyesha mahali pa kukaa, tuanze.