Chuma cha Kitanda kwenye Gia za Baba

DADA: Haloo, nani mwenzangu?

KITINDA: Mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Mimi nani? Namba hii siijui.

KITINDA: Kitinda mimba wenu. Simu ya mchomeleaji hii, yangu imeangukiwa na jeki.

DADA: Marahaba. Baba kafanya nini?

KITINDA: Hajafanya kitu. Mbona unaanza na—

DADA: Ukinipigia mchana roho inaruka. Niko kazini, nina pasi mkononi na msimamizi kasimama mlangoni. Sema haraka.

KITINDA: Niko chini ya spoti.

DADA: Chini ya nini? Unakatika.

KITINDA: Spoti, gari la mzee. (mkwaruzo) Nataka kurudisha gia zake kama zilivyokuwa.

DADA: Zilivyokuwa lini? Si ziko vilevile tangu tuko wadogo, kinyumenyume?

(kimya)

DADA: Haloo?

KITINDA: Nipo.

DADA: We mtoto, umefanya nini?

KITINDA: Nilizinyoosha.

DADA: Unasema?

KITINDA: Kabla ya mvua. Nilipata kiungo chake halisi, cha kiwandani, kwa muuza vipuri vya magari mabovu. Kile kile mzee alichokitafuta ujana wake wote. Nikasema nimfurahishe. Nikang'oa chuma chake cha kitanda, nikafunga kiungo, gia zikakaa kama za magari ya watu. Namba moja mbele, namba mbili nyuma.

DADA: Kimbelembele chako.

KITINDA: Najua.

DADA: Nani alikutuma?

KITINDA: Hakuna. Nikamwita aje alionje. Akakaa, akakanyaga klachi, akavuta gia nyuma kutafuta namba moja, kama siku zote. Ikaingia mbili. Gari likatetemeka likazima. Akavuta tena, likazima tena. Akautazama mkono wake, dada. Gari hakulitazama. Akasema, "Hili si langu," akashuka. Hajaligusa tena.

DADA: Tangu kabla ya mvua.

KITINDA: Ndiyo.

DADA: Na kila Jumapili unaniambia baba hajambo, anakaa garini asubuhi, anapasha injini—

KITINDA: Ningekuambiaje?

DADA: Kwa mdomo wako. Mwenzio nilikuwa najipa moyo kwa hilo. Majina yetu kayasahau, mlango wa choo haujui, lakini mkono unajua gia. Nikawa nasema, mtu ambaye mkono wake unajua gia zile za ajabu, huyo bado yupo. Ndiyo maana nikangoja likizo ndipo nije.

KITINDA: Ndiyo maana sikukwambia.

DADA: Haya, maji yameshamwagika. Chuma chenyewe kiko wapi?

KITINDA: Kilienda na vyuma chakavu. Saa hizi ni nondo ya nyumba ya mtu.

DADA: Unajua kilitoka wapi chuma kile?

KITINDA: Kitandani. Wote tunajua.

DADA: Kitandani kwao. Mama ana mimba yangu, kiungo kikakatika, hakuna duka lenye kiungo cha gari lile. Baba akachukua msumeno akakata ubavu wa kitanda. Mimi nimezaliwa kwenye godoro la chini. Mama alimsema kwa kitanda kile mpaka anaingia kaburini.

KITINDA: Naye alijibu, angalau gari haliibiki.

DADA: Na kweli. Yule mwizi alitia gia aondoke, likazima, akatia nyingine, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani kwa jirani. Akashuka mwenyewe akakimbia. (anacheka kidogo) Subiri, msimamizi... Ndiyo, mama, namaliza... Haya, sema. Unataka nini kwangu?

KITINDA: Mchomeleaji kanitengenezea chuma kingine, kama nilivyokikumbuka. Kinashika rodi mbili. Ya mbele inatoka kwenye mkono wa gia, ya nyuma inakwenda kwenye giaboksi. Kati kuna bolti, chuma kinachezea juu yake.

DADA: Ndiyo hivyo. Ukisukuma huku, kule inavuta.

KITINDA: Sasa bolti hiyo. Katoboa tundu mbili, moja katikati kabisa, moja karibu na kiti. Wewe ndiye uliyefunga naye miaka yote mpaka ulipoolewa.

DADA: Ya karibu na kiti.

KITINDA: Una hakika?

DADA: Ukifunga katikati, mkono wa gia unakwenda mbali. Baba alipenda zisogee kidogo tu, akawa anabadilisha kwa kiganja, vidole viko usukanini. Funga ya karibu na kiti.

KITINDA: (kwa mbali, chuma kinagonga chuma) Nimeingiza. Nakaza nati.

DADA: Usikaze mpaka mwisho. Acha ipumue.

KITINDA: Imepumua. Ngoja nitoke huku chini. (mlango wa gari unafunguka) Nasukuma mbele... mbili. Navuta nyuma... moja. Dada, imekubali. Laini kabisa.

DADA: Alhamdu— Sikia, usishangilie. Baba yuko wapi?

KITINDA: Pale mlangoni pa gereji yake, kakaa juu ya tairi. Anakunja vitambaa vya kufutia mikono. Anavikunja, anavikunjua.

DADA: Mlete. Usimvute mkono, hapendi.

KITINDA: Nawasha kwanza. (injini inaunguruma)

DADA: Naisikia. Eh, naisikia.

KITINDA: Kainua kichwa. Anakuja mwenyewe, dada, anakuja mwenyewe.

DADA: Kimya basi, mwache.

KITINDA: Kakaa. Kashika usukani. Kakanyaga klachi, mguu unajua. Mkono huo, umeshuka kwenye gia. Kiganja, kama ulivyosema.

DADA: Enhe.

KITINDA: Anaipapasa.

DADA: Enhe?

KITINDA: Amesukuma mbele.

DADA: Mbele?

KITINDA: Mbele. Imeingia mbili. (injini inakohoa, inazima) Imezima.

DADA: Mwambie avute. Taratibu, mwambie, "Baba, vuta."

KITINDA: Baba, vuta. Vuta nyuma... (mkwaruzo) Ananiangalia tu.

DADA: Anasema nini? Namsikia anasema.

KITINDA: Anasema, "Kijana, namba moja iko mbele."

DADA: Rudia.

KITINDA: Namba moja iko mbele, magari yote. Anasema fundi aliyefunga gia hizi hajui kazi, kazigeuza.

(pasi inafuka mvuke)

KITINDA: Dada? Usikate.

DADA: Sijakata. Kabla ya mvua alivuta.

KITINDA: Alivuta.

DADA: Leo anasukuma.

KITINDA: Labda amechoka. Tujaribu kesho asubuhi, akishapata—

DADA: Hajachoka. Anaendesha vizuri kabisa. Anaendesha gari ambalo kiungo chake hakijakatika.

KITINDA: Usiende huko.

DADA: Si mimi niliyekwenda. Huko aliko kitanda bado kizima, mdogo wangu. Mama yumo ndani, msichana. Mimi bado sijazaliwa, na wewe ndiyo kabisa.

KITINDA: Ningekirudisha chuma chake wiki ileile angeendelea kuvuta. Angeshikilia. Mimi ndiye—

DADA: Au mimi nisingengoja likizo. Acha, tusigombanie hilo, liko la kututosha wote wawili.

KITINDA: Nilitaka kumfurahisha tu.

DADA: Najua. Usilie kwenye simu ya watu.

KITINDA: Kafungua mlango. Anapangusa usukani kwa kitambaa. Anauliza mwenye gari atakuja lini, anataka kumweleza tatizo lake.

DADA: Kile kiungo cha kiwandani, nacho umekitupa?

KITINDA: Kipo, kiko kwenye benchi.

DADA: Kirudishe.

KITINDA: Dada, siku nzima nimelala chini ya—

DADA: Kirudishe leo. Namba moja iwe mbele, kama anavyotaka. Aendeshe akiwa hukohuko, asihangaike.

KITINDA: Na chuma hiki kipya?

DADA: Mpe mchomeleaji. Kitamfaa kwa kitu. (mkwaruzo) Ngoja... Ndiyo, mama. Hapana, mama, naomba ruhusa. Ni baba... Hapana, hajafa.

KITINDA: Unakuja?

DADA: Nakuja, pasi nimeshaizima. Lakini nije kama nani?

KITINDA: Njoo kama mwenye gari. Nitamwambia mwenyewe amefika. Atakueleza gia zako mchana mzima, anaeleza vizuri sana siku hizi, ana subira.

DADA: Na nimwiteje?

KITINDA: Fundi. Umwambie, "Habari za kazi, fundi."

DADA: Nianze hivyo hivyo tu, bila shikamoo? Baba yangu mzazi?

KITINDA: Usimpe shikamoo, dada. Nilimpa jana. Akageuka nyuma kutazama ni mzee gani anasalimiwa.

(mkwaruzo)

KITINDA: Dada, unanisikia? Mchomeleaji anadai simu yake, na salio limebaki la—

DADA: Mrudishie. Mwambie asante kwa tundu zile.

KITINDA: Haya. Safiri sala—

DADA: Haloo? Haloo?