Mama Itashuka wa Ufuo wa Sindo

Katika ufuo wa Sindo ni wachache waliojua kwamba jina lake lilikuwa Scovia Nyatichi Wangwe. Wavuvi, wapakiaji wa malori na akina mama wenzake wauzao omena, dagaa wa ziwani, walimwita Mama Itashuka, naye aliitika. Familia imeona ni haki jina hilo lielezwe mbele ya kaburi lake, kwa maana ndani yake mna maisha yake yote, na mna kifo chake pia.

Scovia alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1969, katika kijiji cha Kamasengre, kisiwani Rusinga. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee James na mama Susana, ambao wote wametangulia.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1985. Siku moja mwalimu wa hesabu aliuliza: ikiwa gorogoro moja ya omena, ule mkebe wa kupimia sokoni, ni shilingi tano leo, gorogoro tatu kesho zitakuwa shilingi ngapi? Darasa zima likapaza sauti, kumi na tano. Scovia akainua mkono. “Mwalimu, kesho kuna giza au kuna mbalamwezi?” Alisimamishwa nje kwa utundu. Lakini mtoto yeyote wa ziwani angelielewa swali lake. Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, samaki hutawanyika, mashua hukaa ufuoni, na bei hupanda. Aliendelea hadi kidato cha pili huko Mbita, akaacha mwaka wa 1987 mama alipougua na akahitajika nyumbani.

Alianza kuuza omena Sindo akiwa na miaka ishirini. Hapo ndipo alipomkuta Maxwell Wangwe, kijana wa Uriri aliyetumwa na mamake kununua samaki wa mkahawa wao. Scovia alimtazama na gunia lake tupu, akamwambia, “Leo utaumia bure. Rudi Jumatano, itashuka.” Maxwell alirudi Jumatano, na kweli bei ilikuwa imeshuka. Alhamisi akarudi tena, safari hii bila gunia. “Umesahau gunia?” Scovia akamuuliza. “Sikusahau,” akajibu. Walifunga ndoa kanisani Uriri tarehe 14 Desemba 1991, na wakajaliwa watoto watatu.

Biashara haikumfundisha kwa upole. Mwishoni mwa mwaka wa 1997, bei iliposhuka kuliko alivyowahi kuiona, alinunua kwa pesa zote za nyumba na kuanika kila kitu kwenye nyavu za Sindo. Mvua ikaanza siku ya pili, na haikukatika. Omena zilioza mbele ya macho yake, na kilichobaki kilikwenda kuwa chakula cha kuku. Alikuwa sahihi kuhusu bei. Lakini aliyekuwa sahihi alilala njaa.

Tangu siku hiyo hakuwahi tena kununua kwa mkupuo mmoja, wala kuuza kwa mkupuo mmoja. Mzigo wake aliugawa mafungu matatu: la kwanza liliuzwa siku hiyo hiyo, hata kwa faida ndogo, la pili lilikaushwa na kungojea mbalamwezi, la tatu lilihifadhiwa Uriri kwa miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa. Omena za ng’ambo zilipoingia kwa wingi kupitia mpakani Isebania na soko la Migori likaanguka, wenzake walitupa mizigo yao kwa hofu. Yeye aliketi. Bei ilipopanda ghafla na kila mtu akawa anacheka, aliuza, akasema soko linapocheka ndipo linaponoa meno. Wafanyabiashara vijana walimzunguka wakimuuliza, “Mama, imepanda, tufanyeje?” Jibu lake lilikuwa lile lile. “Iliyopanda itashuka. Usikimbie.” Wengi walio hapa leo walisomesha watoto kwa neno hilo.

Tarehe 20 Agosti 2023, baada ya ibada hapa Uriri, muuguzi wa kanisa letu, dada Liz, aliwapima waumini. Alipofika kwa Scovia alipima mkono mmoja, kisha akapima na wa pili.

“Mama, presha yako imepanda sana.”

“Imepanda?” Scovia akasema. “Basi itashuka.”

Watu walicheka. Hata Liz alicheka. Kiswahili chetu kina neno moja tu kwa mambo hayo mawili: bei hupanda, na presha hupanda, bei hushuka, na presha hushuka. Hakuna aliyemwambia siku ile kwamba ni neno moja lakini si jambo moja.

Alianza dawa, na presha ikashuka. Kwa macho ya mfanyabiashara, hiyo ilikuwa ishara kwamba msukosuko umepita, na kufikia Krismasi ya mwaka ule alikuwa ameacha vidonge. Liz alimfuata hadi nyumbani kumweleza kwamba ilishuka kwa sababu ya dawa, na kwamba dawa ikitoka itapanda tena. Scovia alimpikia chai, akamsikiliza kwa adabu, akamfungashia omena za watoto.

Mwaka huu kichwa kilianza kumuuma asubuhi. Halafu akawa anaona vimulimuli, kama taa za wavuvi mchana kweupe. Aliyatazama maumivu yake jinsi alivyotazama soko: yalipokuja aliketi, yalipoondoka alitabasamu. Na kila yalipoondoka alizidi kuamini.

Uvuvi ulifunguliwa Agosti, omena zikajaa, bei ikaanguka. Septemba, wiki ya giza ilipokaribia, Maxwell alimsihi asiende Sindo.

“Mama Chrispine, twende hospitali kwanza.”

“Giza likiisha.”

“Giza la mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo.”

“Na si nilirudi? Wewe mzee, ulioa mwanamke au ulioa kidonge?”

Maxwell alicheka, kwa sababu ni vigumu kutocheka na Scovia. Alimbebea mifuko hadi barabarani.

Ijumaa tarehe 19 alikuwa kwenye nyavu za kuanikia pamoja na rafiki yake wa miaka mingi, Cate. Desturi yake ilikuwa kuvunja omena moja kwa vidole na kuisikiliza, iliyokauka hulia. Alivunja moja kwa mkono wa kushoto, akavunja ya pili, kisha akamgeukia mwenzake.

“Nyamera, dada yangu, hizi zimekauka?”

“Ala! Mama Itashuka ananiuliza mimi? Mimi niliyenunua maji nikidhani ni samaki mkavu?”

“Nakuuliza tu. Vidole vimelala.”

Cate alidhani ni utani. Jumatatu tarehe 22, kabla ya jua kuwaka vizuri, Scovia aliinama kugeuza omena na hakuinuka. Alikimbizwa Homa Bay. Madaktari walituambia mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani, na kwamba presha ilikuwa imekaa juu muda mrefu. Hakusema neno tena. Tulipokuwa kando ya kitanda, kila namba kwenye mashine ilipobadilika, sote tuliinua macho kuitazama, tukingoja. Alifariki Jumatano tarehe 24 Septemba 2025, saa za alasiri.

Ameacha mume, Maxwell, watoto, Chrispine, Lynnet na Zablon, wajukuu wanne, dada yake Filister, anayesoma wasifu huu, na wenzake wa ufuo wa Sindo, ambao wamefunga biashara leo ingawa mwezi unakaribia kujaa na bei iko juu.

Kabla ya chakula, familia ina ombi moja. Dada Liz ataketi kando ya lango na kipimo chake, na hatutamruhusu mtu yeyote wa boma hili kupita bila kupimwa. Maxwell amesema yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Wageni wetu, tafadhali simameni nyuma yake. Atakayeambiwa imepanda, asijibu lolote. Aulize tu hospitali ni lini.

Mungu ampokee Scovia, ampe pumziko ambalo hakujipa.