Umeme Unaosubiri

Fundi viatu alikuwa amepania kusinzia ndani ya basi mpaka mwisho wa safari, lakini kwenye kiti cha mbele yake alikaa fundi umeme mwenye karatasi ya hospitali iliyojaa mistari ya mapigo ya moyo wake, na kando yake muuguzi anayetoka zamu.

"Dada yangu, nimevuta nyaya miaka thelathini," alisema fundi umeme. "Umeme hauchelewi. Ukichelewa, kuna mtu kaunga vibaya."

"Wa moyoni unachelewa makusudi, kaka. Unaanzia juu, vyumba vya juu vinasukuma damu, halafu unasubiri kidogo katikati ili vya chini vijae. Ndipo unashuka."

"Na wangu?"

"Wako ukifika hapo katikati, mara nyingine haushuki kabisa. Ndiyo maana wanataka kukuwekea kifaa."

"Cha betri," alisema fundi umeme, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. "Mimi, na betri!"

Usingizi ulimruka fundi viatu. Akajishika kifua, akaridhika kwamba kwake umeme unafika chini.

"Wamekwambia urudi lini?" aliuliza muuguzi.

"Wamesema nisiondoke. Nimetoroka mara moja, nachukua testa yangu ya kupimia umeme nyumbani. Sifungiwi kitu kabla sijapima mwenyewe."

"Kaka, rudi hospitali. Sasa hivi."

"Nikishapima."

Basi likasimama. Fundi umeme akainuka, akafika mlangoni, na pale kati ya ngazi ya juu na ya chini, akasimama, mkono kifuani. Fundi viatu akasubiri kuona kama atashuka.