Mwalimu Masika Khatib na Ghala Lisilo na Sabuni

Mwalimu Masika Khatib anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kusomesha Biashara katika skuli yetu kwa miaka ishirini na tisa. Kamati ya sherehe iliponiomba niandike wasifu wake ilinipa kurasa mbili na sharti moja, kwamba niwe mchangamfu. Nitajitahidi. Ila ni haki msomaji ajue mapema kwamba nimekaa meza ya jirani na yake kwa miaka kumi na moja, na kwa miaka tisa kati ya hiyo nimekuwa na swali ambalo sijalipatia jibu. Mtu aliyeweza kumaliza mashaka ya mzazi kwa sentensi moja, naye akaamua kutoitamka, alikuwa na hekima au alikuwa na bahati?

Mwalimu Masika ni mzaliwa wa Wesha, hapa kisiwani kwetu. Marehemu baba yake alikuwa karani wa mizigo bandarini, na inasemekana nyumbani kwao hata mtoto aliyetumwa chumvi alitakiwa arudi na maelezo yaliyonyooka. Huenda ndiko alikoipata heshima yake kwa karatasi. Alipoanza kazi mwaka 1996 alikuta somo la Biashara linasomeshwa kwa kunakili ubaoni. Muhula wake wa pili aliingia Kidato cha Tatu, akaweka chaki mezani, akasema: "Kwa mfano, tuna kampuni." Wanafunzi wakasubiri mfano uishe waendelee na somo. Haujaisha hadi leo.

Kampuni hiyo, ambayo kila darasa hulirithisha darasa linalofuata, inaitwa Kwa Mfano. Inatengeneza sabuni ya mwani ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishika. Ina meneja, afisa mauzo, karani wa masjala, bodi ya watu saba, kanuni za kazi, na ghala, yaani kabati la mbao lililo nyuma ya darasa, tupu, lenye kufuli zuri kuliko yote ya skuli. Ina pia muhuri uliochongwa kwenye soli ya kandambili. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaouliza kwa nini kampuni isiuze karafuu, zao wanalolijua vizuri zaidi, na kila mwaka Mwalimu huwajibu kwamba karafuu huuzwa na Serikali peke yake, hata kwa mfano.

Barua za kampuni hiyo zilikuwa na uzito wa ajabu. Mwaka mmoja afisa mauzo aliandika barua ya kutangaza bidhaa, akaituma kweli kwa mwenye duka mmoja wa Wesha. Mwenye duka alipanda gari hadi skuli kuagiza sabuni. Mwalimu Masika alimkaribisha, akampa chai, akamwonesha ghala. Yule bwana akalitazama kabati tupu kwa muda, kisha akasema: "Mzigo hamna, lakini barua yenu, wallahi, nzuri kuliko ya wenye mzigo." Mwalimu aliyaandika maneno hayo kwenye kitabu cha wageni, sehemu ya maoni ya wateja. Yeye mwenyewe, akitaka ruhusa ya kuchelewa kipindi, huiomba kwa meneja kwa maandishi, na husaini "Mwenyekiti wa Bodi, asiye na kura". Aliwahi kukataliwa mara mbili.

Hayo ndiyo tunayoyasimulia tukicheka. Sasa niseme lile la mwaka 2016.

Mtunza ghala mwaka huo alikuwa Asma, binti kutoka upande wa Wingwi, aliyekuwa akitembea karibu saa nzima kuja skuli. Kazi yake ilikuwa kushika ufunguo wa kabati tupu na kuandika kila asubuhi kwamba katoni za sabuni zipo kamili. Siku moja meneja wa kampuni, Nusaiba, alifanya ukaguzi wa ghafla. Akafungua ghala, akakuta muhogo wa kuchemsha ndani ya kitambaa. Asma alikuwa akihifadhi humo chakula chake cha mchana, kwa sababu tumbili wa skuli yetu wanaingia madirishani na hawana adabu.

Kanuni ya tisa ilikataza mali binafsi ndani ya ghala. Nusaiba, msichana makini ambaye hata akicheka hucheka kwa utaratibu, aliandika barua: Asma ameachishwa kazi kuanzia siku hiyo. Akaipiga muhuri wa kandambili, akampelekea Mwalimu. Mwalimu Masika aliisoma, akasahihisha alama za uandishi, akairudisha, na Asma akakabidhiwa.

Siku tatu za masomo zilizofuata Asma hakuonekana. Siku ya nne, Jumatano, alikuja mama yake.

Bi Mwanapili aliingia ofisi ya walimu akiwa ameifunga ile barua kwenye pindo la kanga. Alitusalimia sote, akatuuliza hali za nyumbani, kisha akageukia meza ya Mwalimu Masika. "Mwalimu, mie sikuja kugomba," alisema. "Nimekuja kujua mwanangu kakosa nini hata akaachishwa kazi. Sikujua hata kama kaajiriwa." Tulifahamu kutoka kwake kwamba barua ilikuwa imesomwa na shemeji yake, baba mdogo wa Asma, ambaye kwa kukosekana kwa mume ndiye msemaji wa nyumba. Kwa uelewa wa baba mdogo, barua yenye muhuri ni neno la mwisho: skuli imemkataa binti. Alikwisha kumtafutia nafasi ya kulea watoto kwa jamaa Unguja, na meli ilikuwa ya Jumamosi.

Nilisubiri Mwalimu aseme kwamba ule ulikuwa mchezo wa darasani. Maneno machache tu, na mama yule angekwenda zake akicheka. Badala yake alisimama, akamvutia kiti kimoja kizuri cha ofisi, akasema: "Bi Mwanapili, mfanyakazi ana haki ya kukata rufaa. Bodi itakaa kesho saa nne. Njoo naye." Nilihisi hasira ambayo sikuwa na adabu ya kuificha. Mama alipotoka nilimwambia, "Mwalimu, mwenzako anapoteza mtoto, wewe unaitisha kikao?" Akanijibu kwamba nafasi ya mwandishi wa kumbukumbu ilikuwa wazi, kama napenda.

Nikakubali, nadhani kwa ajili ya kuwa na ushahidi dhidi yake. Kumbukumbu hizo ninazo, na ninazinukuu kama zilivyo.

Bodi ya watu saba ilikaa kwenye madawati yaliyopangwa mstari. Asma alikaa ukutani, macho chini. Nusaiba alisoma kanuni ya tisa, akaeleza kwamba mtunza ghala anayeingiza chake leo, kesho atatoa cha kampuni. Asma alipoulizwa alisema neno moja tu: "Tumbili." Ndipo Bi Mwanapili akaomba ruhusa.

"Muhogo wenyewe ni wa shambani kwangu, nimeuchemsha mie," alisema. "Kama kuna kosa, nilokosa mie. Lakini hebu nioneshwe, hiyo sabuni iko wapi?"

"Ipo kwenye vitabu, Bi," akajibu Nusaiba.

"Haya. Basi muhogo haukuigusa."

Mjumbe mmoja alicheka akaomba radhi. Nusaiba hakucheka. "Kanuni haikusema kugusa, Bi. Ilisema kuingiza."

"Mwanangu, weye ukija kuolewa, huyo mume ana kazi."

Hapo walicheka wote, Asma akiwamo, na hiyo ndiyo sauti yake ya pili katika kumbukumbu zangu. Kisha wakapiga kura. Wanne kwa watatu, Asma akaachishwa kazi kwa mara ya pili. Nilimtazama Mwalimu Masika. Alikuwa akitazama mikono yake.

Bi Mwanapili akauliza: "Kazi imekwisha, tumesikia. Na masomo?"

Aliyejibu ni Nusaiba, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kama jua litachomoza: "Masomo si yetu, Bi. Siye kampuni tu. Kipindi cha kwanza kesho ni Hisabati, na daftari langu analo Asma, sijui nitafanyaje asipokuja."

"Basi liandikeni hilo," akasema mama. "Aliyemtoa kwa karatasi na amrudishe kwa karatasi. Mie kule nyumbani sisikilizwi kwa mdomo."

Wakaandika. Barua ilisema kwamba kuachishwa kazi katika Kampuni ya Kwa Mfano hakuhusiani kwa namna yoyote na masomo ya Asma, ambayo yanaendelea, na kwamba anatarajiwa kipindi cha kwanza. Muhuri wa kandambili ukapigwa mara mbili, kwa tahadhari. Baba mdogo, tulivyosimuliwa baadaye, aliisoma barua hiyo mara mbili vilevile, akaikunja, akasema kwamba skuli siku hizi zina mambo. Meli ya Jumamosi iliondoka bila Asma.

Ningependa wasifu huu uishie hapo, na pengine kamati nayo ingependa. Kwa muda nilidhani nimeelewa: Mwalimu alitambua kwamba neno la mdomo lisingevuka kizingiti cha shemeji, na kwamba ahadi ikitoka kwa mwalimu ingesikika kama huruma, lakini ikitoka kwa Nusaiba ingekuwa jambo lililo wazi. Nilimpelekea maelezo haya kama zawadi. Aliyasikiliza, akasema ni mazuri sana, na kwamba yeye hakufikiria hata moja kati ya hayo. "Mama yake alipoingia," aliniambia, "kwa kitambo kidogo nilisahau kwamba kampuni haipo." Mwaka mwingine nilimuuliza tena, akanijibu kwamba bila shaka alijua. Sijui ni jibu lipi la kweli, na lipi alilonipa kwa upole tu.

Asma alimaliza, na leo ni muuguzi. Nilipomwambia ninaandika haya alicheka kwenye simu. "Nisalimie Mwalimu," alisema. "Lakini mie mpaka leo naona nilionewa." Kanuni ya tisa ilibadilishwa mwaka uliofuata na kabati sasa limejaa vyakula vya mchana vya darasa zima, kwa hiyo inawezekana ana hoja.

Kuna jambo moja zaidi. Wiki moja baada ya rufaa ile, Mwalimu Masika aliongeza kanuni mpya: barua yoyote ya kumwachisha mwanafunzi kazi ipelekwe nyumbani kwa mkono, na yeye mwenyewe pamoja na mjumbe wa bodi, na ielezwe kwa mzazi mlangoni. Tangu hapo amekwenda kila mara, mvua na matope ya njia zetu yakiwapo, hata kwa wanafunzi ambao nyumba zao hazifikiki kwa gari. Wengi wetu tulidhani anazidisha.

Nilipokuwa nikikusanya habari za wasifu huu nilifungua masjala ya kampuni. Barua za kuachishwa kazi katika miaka yote ni kumi na moja. Nililinganisha majina na rejista za skuli. Kumi walimaliza Kidato cha Nne. Wa kumi na moja ni Khairat, karani wa masjala wa mwaka 2009, aliyeachishwa kwa kuchelewa mara tatu. Rejista inaonesha hakuhudhuria tena kuanzia wiki ileile. Hakuna mzazi aliyekuja kuuliza. Huenda familia ilihama. Wapo wanaosema hivyo. Huenda sababu iliyomchelewesha ndiyo iliyomwondoa, na barua haikuhusika. Huenda katika nyumba fulani kulikuwa na baba mdogo mwingine na muhuri uleule.

Sikutaka kumwonesha Mwalimu ukurasa huo wiki mbili kabla ya sherehe yake. Nilikuta umeshakunjwa pembe, na karatasi yenyewe imechakaa kwa kufunguliwa. Alikuwa akiujua, hivyo nikamuuliza. Akaniambia Khairat yupo Vitongoji, ana familia, na kwamba wiki ya kwanza ya ustaafu wake yeye na mkewe, Bi Mwatum, watakwenda kumtembelea. Nilimuuliza kwa nini hakwenda miaka yote hii, naye akiwa mtu wa kutembea nyumba kwa nyumba.

"Nikienda mie mwalimu," alisema, "atanipa jibu la kumpa mwalimu."

Hivyo swali langu linabaki lilivyokuwa, na sasa naona kwa nini sikuweza kulijibu: nililiuliza kwa miaka tisa kwa watu wasio na jibu lake, mimi nikiwa wa kwanza. Kwa Asma, mama yake alikuja, na aliyekuja alisikilizwa. Kama hiyo ilikuwa hekima au bahati, anayeweza kutueleza ni yule ambaye hakuna aliyekuja kumuulizia, na bado hajaulizwa.

Mwalimu Masika, walimu wenzako, wafanyakazi na wanafunzi wa skuli hii wanakushukuru kwa miaka ishirini na tisa. Bodi ya Kwa Mfano imekuruhusu kuondoka, safari hii kwa kura zote saba. Mungu akupe afya na umri wenye raha wewe na Bi Mwatum, na mkifika Vitongoji mumkute mwenyewe yupo nyumbani.

Shamima Hamad
Idara ya Lugha