Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Datius

Ndugu waombolezaji, kabla Karugendo hajaendelea kuwasomea maneno haya, yaliyoandikwa na shangazi yake Kokugonza, dada wa marehemu, elimu yake darasa la nne, kila mmoja anyanyue mkono aape kwamba yatakayosemwa hayatavuka mipaka ya kibanja hiki, hayatafika sokoni Muleba wala kwenye basi la Bukoba, maana Kokugonza naye aliapishwa mwaka 1963, akaitunza siri miaka kumi na miwili huku tumbo likimuuma, na leo anaitoa. Mmeapa? Haya.

Marehemu Mwalimu Datius Kashaija alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 huko Maruku, mtoto wa tatu kati ya sita, na mama yetu alisimulia kwamba alitembea kabla ya kujua kukaa, na kweli maisha yake yote hakukaa, hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1928 hadi 1935, akaingia chuo cha ualimu, akatoka mwaka 1938 na cheti kizuri, hesabu safi, kilimo safi, Kiingereza tukiache hapo kwanza.

Alifundisha Maruku, akafundisha Kahororo, mwaka 1955 akapelekwa kisiwani Goziba, ambako alidumu wiki tisa tu, kwa sababu kule mtu akitaka kutembea kidogo anakutana na maji, mwisho akaletwa shule yetu hii ya hapa Muleba. Tarehe 17 Julai 1943 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Klaudia, huyu mjane wetu, ambaye, wasiojua wajue leo, aliishi kwa masista miaka sita akitaka kuwa sista, akimpikia na kumfulia sista Mzungu asiyejua neno la Kiswahili, na alipobadili nia alitoka na sanduku moja, shuka mbili na Kiingereza chote. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza ni Adventina, aliyekaa hapo ubavuni kwa mama yake.

Uhuru ulipokuja, walimu wenye Kiingereza wakaitwa maofisini, na Januari 1962 mwalimu mkuu akamkabidhi Datius somo hilo, naye hakukataa, maana kukataa ni kukiri kwamba hakijui. Tangu siku hiyo, kila mapumziko, alionekana akikimbilia nyumbani na gunia la kahawa begani, ndani yake madaftari, na kurudi mbio yakiwa yamesahihishwa kwa wino mwekundu, hadi watu wakasema ana mwanamke njiani. Kokugonza, si kwa umbea bali kwa uchungu wa damu, alijibanza nyuma ya mgomba saa nne asubuhi, Mei 1963, akamwona kaka yake amesimama kama mtoto wa darasa la tatu mbele ya mke wake, aliyekuwa akimenya ndizi, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele.

"Mgeni akibisha hodi mara ya kwanza humjui, huyo mpe 'a'," Klaudia alikuwa akisema. "Akirudi umeshamjua, 'a' mnyang'anye, mpe 'the'. Rudia, Mwalimu."

"Na 'an' je?"

"Tulia kwanza, utanipigia teke ndizi!"

Ni Klaudia aliyegundua kwa nini watoto wetu walimwandikia 'an' kila mnyama, hata mbwa, kwa kuwa vichwani mwao, kwa lugha yetu ya nyumbani, mbwa bado alikuwa embwa, na ng'ombe ni ente, vitu vya kwetu vyote vinaanza kwa mdomo wazi, akamwagiza mumewe kwamba walitamke kwanza neno la Kizungu kwa sauti, walisikie linavyoanza, ndipo wachague. Alipomwona Kokugonza nyuma ya mgomba hakupiga kelele, alisema tu, "Wifi, ukisema, huyu atafukuzwa, na mimi sina cheti, watoto watabaki bila mtu." Wakaapishana hapo hapo.

Mwaka 1966 mkaguzi alimuuliza swali mbele ya darasa, marehemu akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akaja mpaka hapa, akarudi jasho likimtiririka na jibu lenyewe, na mkaguzi akaandika kwamba mwalimu ni hodari ila tumbo lake lipimwe. Mwaka 1971, kwenye elimu ya watu wazima, Klaudia alikaa mstari wa mbele na wanawake wa shamba la ujamaa, akiandika "baba" kwa mkono wa kutetemeka, ili asishukiwe.

Marehemu alianza kuugua moyo Agosti 1974, akalazwa mara tatu, na Jumanne ya tarehe 7 Oktoba 1975, saa tisa alasiri, alifariki, miguu ikihangaika chini ya blanketi, akimuuliza dada yake nani atawashika darasa la saba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta ndizi na kuni, walimu wenzake, na vijana waliochimba kaburi mvua ikinyesha. Kaa sasa, Datius, utulie, umetembea vya kutosha.

Limebaki moja. Jana mwalimu mkuu alileta barua ya rambirambi ya kurasa tatu, kwa Kiingereza, na akatutangazia kwamba hakuna wa kuziba pengo, wazazi tuvumilie mpaka wilaya ilete mwalimu, huku mtihani ukiwa wiki tatu mbele na watoto thelathini na wanane wakiwa wamekaa hapo kwenye nyasi. Barua hiyo ilipaswa isomwe baada ya historia hii, lakini tangu asubuhi haionekani, na mwalimu mkuu ameitafuta hadi jikoni. Mwalimu mkuu, mwizi ameonekana. Karugendo, hapa soma taratibu. Adventina, mfunue mama yako kanga, umshike mkono wa kulia, uinue juu watu wote wauone, wino wote huo vidoleni, na barua yenyewe uikunjue, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, imesahihishwa yote, na chini kabisa amempa mwalimu mkuu alama nne kwa kumi.