Maji ya Msumeno

Mchungaji, wazazi, mashemeji na majirani zetu Waislamu mliokuja kusimama nasi, naomba mnivumilie mimi Mueni, mke wa marehemu, kwa kuwa shemeji aliyepangiwa kusoma wasifu wake ameshindwa na machozi.

Silas Mutuku alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa Galbet, mtoto wa tatu wa mwalimu aliyehamishwa kutoka Mwingi, akasoma hapa Garissa hadi kidato cha nne mwaka 2006, kisha akajifunza mitambo huko Thika. Tulifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2016, tukajaliwa Mwende, wa miaka minane, na Kyalo, wa minne.

Machi 2021 aliajiriwa na kampuni ya Kanada iliyokuwa ikitafuta shaba karibu na Sangailu, kazi yake ikiwa kupasua kwa msumeno wa umeme vipande vya mwamba vilivyotolewa ardhini, maji yakimwagika juu ya jiwe ili vumbi lisiruke. Katika ukame wa 2022, mama mmoja mfugaji, Maka, alifika kambini na watoto wanne na mitungi mitupu, Silas akampa maji ya msumeno, kesho yake wakaja wengine, na kwa miezi saba akapasua mawe makavu, kitambaa puani. Nilipomwonya alicheka, akasema, "Mama Mwende, mimi nikirudi nitaoga vumbi liishe, wale watoto watakunywa mawe?"

Mawe hayohayo yalionyesha shaba nzuri, na tarehe 9 Juni 2023 hisa za kampuni zikapanda maradufu huko Toronto, wageni wakaja kwa ndege, wakampiga picha ameshika jiwe, naye akizuia kikohozi picha isije ikaharibika, ikachapishwa katika kitabu cha wawekezaji. Septemba bei ya shaba ikashuka, wawekezaji wakaondoa pesa zao, na kambi ikafungwa kwa siku moja.

Oktoba daktari alituambia mapafu yamejaa vumbi la mawe, tukaiomba kampuni bima ya kazi ili atibiwe Nairobi. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, kwamba bima hailipi aliyepasua bila maji, na kwamba mwenyewe alikuwa ameandika kwa mkono wake, siku ya kufunga kambi, kuwa maji aliwapa wafugaji, kwani aliulizwa, na hakuona sababu ya kudanganya. Nilipopiga simu, meneja alisema, "Mama, hatukumwajiri atoe sadaka."

Maka na wenzake waliuza mbuzi, wakamkodia mtungi wa hewa ya kupumulia. Silas alifariki Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, akiwa ameketi, kwa kuwa akilala alikabwa.

Jumanne simu yake ililia, kijana wa kampuni akasema bei imepanda, kambi inafunguliwa, wanamtaka Silas kwa kuwa hawajapata mwingine wa kupasua vizuri namna ile. Nikamwambia amefariki. Akasema pole, akauliza kama ana ndugu anayejua msumeno.

Tunamshukuru Daktari Abdinoor, aliyekuja nyumbani kwa miguu kila baada ya zamu, wenzake wa kambini waliotuandikia barua za ushahidi, majirani wa Galbet walioacha redio zao kimya ili apate usingizi, na Maka, ambaye tangu Jumapili hajatoka jikoni kwangu.

Baba Mwende, lala chini sasa, unyooshe mgongo, pumzika kwa amani.