Rugamba Donati na Matairi ya Theluji

Wapendwa, tumekuja kumsindikiza Mzee Rugamba Donati, aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1964 na kuiaga dunia tarehe 14 Januari 2025. Naitwa Kirezi. Marehemu alikuwa baba yangu mkubwa. Baba yangu, Kalisa, alikuwa mdogo wake wa pekee. Familia iliponiomba niandike maisha yake nilikubali kwa sharti moja, kwamba niseme mambo yalivyokuwa. Mama mkubwa Kabanyana akasema sawa. Tangu asubuhi watu wa Buffalo wananiuliza kwa nini mzee wao anazikwa Columbus, mji aliouhama zamani, na watu wa Louisville wanauliza vivyo hivyo. Nitawajibu, ila mnivumilie nianze alipoanzia yeye.

Marehemu alizaliwa Kalingi, katika nyanda za juu za Minembwe, Kivu ya Kusini. Baba alizaliwa miaka sita baadaye, na mama yao hakuishi muda mrefu baada ya hapo, kwa hiyo watoto hao walilelewa na bibi yao. Bibi huyo alikuwa akisimulia kwamba Rugamba hakuweza kumaliza kikombe cha maziwa. Atakunywa, atasimama, atapima kwa macho, kisha atampa mdogo wake nusu iliyobaki. Viazi aligawa hivyohivyo. Shati halikugawika, kwa hiyo walilivaa kwa zamu, na siku ya mmoja kulivaa mwingine alibaki na ng'ombe.

Alisoma shule ya msingi palepale Kalingi kuanzia mwaka 1971, kisha akashuka Uvira kwa masomo ya sekondari. Hakumaliza. Mwaka 1981 baba yao aliugua, naye akarudi kuchunga mifugo na kuipeleka mnadani. Baba yangu ndiye aliyeendelea na shule, kwa ng'ombe aliouza kaka yake. Marehemu hakuwahi kulitaja jambo hilo, na alikasirika watu wengine walipolitaja.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na Kabanyana. Wanaokumbuka siku ile wanasema bwana harusi alitoweka kidogo, akakutwa amechuchumaa akikagua kwato za ng'ombe wa mahari, asije akapeleka kilema kwa wakwe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Muhoza na Gisubizo. Mwaka 2002 vita viliwaondoa milimani. Ndugu hao wawili walivuka na familia zao mpaka Burundi, wakaishi katika kambi ya Gasorwe, mkoa wa Muyinga. Mimi nilizaliwa pale mwaka uliofuata.

Marehemu alifika Louisville tarehe 21 Septemba 2010, akapata kazi ya ghala, kupanga mizigo. Baba, mama yangu Rakeli na mimi tulipokewa Columbus mwaka 2013. Baba mkubwa alivumilia mwaka mmoja tu kukaa mji tofauti na mdogo wake, kisha akafunga vyombo na kuhamia Linden, mtaa wa pili kutoka kwetu. Wote wawili walipata kazi katika ghala moja upande wa Hilliard, lakini kwa zamu tofauti. Walinunua hata magari ya kufanana, Corolla za mwaka mmoja. Mama aliwacheka, akasema wamerudia shati.

Sasa nifike kwenye matairi. Januari 2015 mtu mmoja wa kanisa la Hilliard aliuza gari lake, akabaki na matairi manne ya theluji yakiwa bado kwenye rimu zake, akampa baba mkubwa. Kwa wasioyajua, matairi haya yana mpira laini usiokakamaa kwenye baridi, na meno yenye mikato midogo inayong'ata theluji. Jumapili baada ya ibada yaliletwa mbele ya nyumba yetu, na ndugu hao wakayasimamisha ukutani.

"Bon, ziko ine," baba mkubwa akasema. "Mbili zako, mbili zangu."

"Weye chukua zote," baba akajibu. "Weye ndiye unatoka mapema."

"Nile zote miye, weye ulale na njaa? Gari inavutwa na mbele. Tuweke mbele, zitatosha."

Wakafunga mawili mbele ya gari hili na mawili mbele ya lile, wakiimba, na mama akawatolea chai. Sijawahi kuwaona watu wazima wamefurahi vile kwa ajili ya mpira.

Walikosea. Gari ambalo mbele linashika na nyuma linateleza hugeuka. Ukiwa na manne mabovu unaogopa, unakwenda polepole. Ukiwa na mazuri mawili mbele unaingia kwenye kona kwa kujiamini, na mkia wa gari unakupita. Asubuhi ya tarehe 17 Februari 2015 baba alikuwa anarudi kutoka kazini kwenye theluji. Katika kona, karibu na daraja, gari lilijigeuza likasimama kinyume mbele ya lori. Alifariki hospitalini siku mbili baadaye. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Baba mkubwa alikwenda kuchukua vitu vya baba kwenye yadi ambako gari lilivutwa. Mtu wa yadi alilizunguka, akauliza nani alifunga mawili. Baba mkubwa akasema ni yeye. Yule mtu hakumlaumu, alimweleza tu, kama nilivyowaeleza ninyi. Baba mkubwa akaliacha gari lake mwenyewe palepale nje ya yadi na kurudi Linden kwa basi. Aliingia kwenye kilio akamwambia mama kila alichoambiwa. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia maneno mawili mbele ya watu wote.

"Ulimupa nusu."

Baadhi ya wageni walidhani anamshukuru, maana kwetu kupewa nusu ni kupendwa. Baba mkubwa hakudhani hivyo. Tangu siku ile mama hakuzungumza naye tena. Kwenye harusi na vilio alimpa mkono kama anavyompa mgeni, akapita. Mimi pia nilimkasirikia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilihitaji mtu wa kumkasirikia, na lori halikuwa na sura.

Mwaka 2016 alihamia Buffalo. Watu walishangaa kwamba mtu aliyeumizwa na theluji anakimbilia kwenye theluji zaidi. Alipata kazi kwa Bagula, Mkongo mwenzetu kutoka Bukavu, mwenye gereji nyuma ya Grant Street, akajifunza kufunga, kusawazisha na kuhifadhi matairi. Alikataa kabisa kufunga machache kuliko manne. Mteja akija na mawili aliambiwa arudi akipata mengine. Bagula, aliyekaa pale mbele, bado ana uchungu.

"Donc mutu anakuya na feza ya mapine mbili, huyu anamufukuza," ananiambia. "Anafukuza wateja yangu miye, kwa gereji yangu miye."

Lakini Bagula hakumfukuza yeye. Kila Oktoba alimpa gari la gereji, na baba mkubwa alizunguka. Alianza Louisville, akafunga matairi ya watu kwenye maegesho ya kanisa huku wakimcheka, kwa sababu Louisville theluji haina mazoea ya kukaa. Kisha Columbus. Wengi wenu hapa mlifungiwa na mikono yake, na mkasemeshwa mpaka mkachoka: msubiri nini, theluji iwapigie simu? Kituo chake cha mwisho kilikuwa mlangoni kwetu. Hakugonga. Alishusha matairi manne ya saizi ya gari la mama, kwenye rimu zake, akaondoka. Na kila mwaka mama aliyapeleka kanisani achukue mwenye kuyahitaji. Nafikiri wengine mmekuja nayo leo. Theluji ikianguka mama hakuendesha. Alipewa lifti na wenzake wa kazini au alipanda basi. Hakuhitaji kitu kutoka kwa shemeji yake, na alitaka ijulikane.

Mwezi Juni 2024 madaktari wa Buffalo waligundua kwamba marehemu alikuwa na saratani ya kongosho, iliyokwisha kuenea. Oktoba alizunguka bado. Muhoza ndiye aliyeinua magurudumu, mzee akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimkosoa. Kwetu walishusha manne kama kawaida. Safari hii mama hakuyapeleka popote. Aliyafunika turubai nyuma ya nyumba.

Asubuhi ya tarehe 11 Januari mwaka huu Kabanyana alipiga simu, akasema mwenye kutaka kumwona aje. Columbus ilikuwa imefunikwa, na njia ya kando ya ziwa kwenda Buffalo ilikuwa mbaya zaidi. Mama alisimama dirishani kwa muda. Halafu akavaa koti, akatoka nyuma, akavuta lile turubai.

Sikuwa nimewahi kufunga gurudumu. Nilimpigia Muhoza kwa video, naye akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba yake anataka simu. Wakamwinua kwenye mito. Mama akashika simu yetu, akaielekeza kwenye gurudumu ili yeye mwenyewe asionekane. Sauti ya baba mkubwa ilikuwa imebaki ndogo, lakini ukorofi wa gereji ulikuwamo.

"Usiinue kwanza, Kirezi. Legeza nati gari ikiwa chini, la sivyo gurudumu itakuzungukia. Sasa leta jeki. Hapana, si hapo, utatoboa. Pale penye chuma nene."

Nililegeza, nikainua, nikatoa, nikavika, nikashusha, nikakaza nati kwa kuruka, moja ya juu kisha ya upande wa pili, ili rimu ikae sawa. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Kwenye gurudumu la tatu akasema, "Shemeji, shusha simu kidogo. Sioni nati ya chini."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mama tangu kilio cha baba. Mama akashusha simu.

Gurudumu la nne lilipofika chini, nikaanza kukaza, akanizuia. "Nati ya mwisho umwachie mama yako."

"Juu ya nini miye?" mama akauliza.

"Weye ndiye utakaa ndani, Rakeli. Nataka ushike mwenyewe, ujue imeshika."

Mama akanipa simu, akainama, akakaza kwa uzito wake wote. Nilikuwa nimeshika simu, kwa hiyo baba mkubwa alimwona, na mama alipoinuka alimwona baba mkubwa. Walitazamana. Baba mkubwa akalia, mama naye akalia, na mimi nikawaambia tutachelewa.

Alitaka tusimame baada ya maili hamsini tukaze nati upya, tukasimama. Tulipopita Erie theluji ilikuwa inakuja kwa ubavu, malori yamelala kando ya njia. Gari letu lilikwenda kama limefungwa kwenye reli mpaka Buffalo. Alimuuguza shemeji yake siku tatu. Alimgeuza, akamwosha miguu, akamgombeza kwa kukataa uji. Mimi kazi yangu ni kuwahudumia wazee, nimeona familia nyingi chumbani kwa mgonjwa, na nawaambia mama alifanya kazi safi. Marehemu alikata roho Jumanne tarehe 14, kabla ya saa sita mchana, Kabanyana akiwa upande mmoja wa kitanda na mama upande wa pili.

Jioni ile wanafamilia walikaa kupanga mazishi. Bagula alisema Buffalo iko tayari kwa kila kitu. Muhoza aliona bora Louisville, mji wa kwanza kuwapokea. Waliongea sana. Mama alikuwa akikoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Columbus, kando ya Kalisa, kuna nafasi," akasema. "Mumulaze pale."

Kila mtu alijua nafasi ile ni ya nani. Mwaka 2015 kanisa lilinunua viwanja viwili vilivyoshikana, kimoja cha baba na kingine cha mjane wake, na jina la mama ndilo lililoandikwa.

"Mama mdogo," Muhoza akamwambia, safari hii kwa Kiswahili, "na weye?"

"Miye siyakufa bado. Siku yangu ikifika, mutanitafutia."

Hilo ndilo jibu langu kwa watu wa Buffalo na wa Louisville. Msimbishie mama, sisi tumejaribu.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, bibi aliyemlea na mdogo wake Kalisa. Ameacha mjane, Kabanyana, watoto, Muhoza na Gisubizo, wajukuu watatu, shemeji yake, Rakeli, rafiki yake Bagula, na mimi, ambaye kwa miaka mingi sikutaka kuwa mtoto wake, na wiki hii ninamlilia kama baba. Mungu ampokee. Alale kwa amani mahali alipopewa na mama.